Kichwa Chini, Miguu Juu

Bibi haoni. Simu yake ya zamani aliujua upande wake wa chini kwa kupapasa tundu la chaji. Hii mpya, zawadi ya mjomba, haina tundu hata moja; huchajiwa bila waya. Ni laini kama sabuni, na tangu asubuhi Bibi anaishika kichwa chini, miguu juu.

"Ndiyo maendeleo, mama," mjomba alisema.

Mama yangu ni fundi simu. Alichukua tupa, akachonga pengo dogo ukingoni mwa simu, upande wa chini.

Mjomba akashika kichwa. "Dada! Mpya hiyo!"

Kidole gumba cha Bibi kilitembea ukingoni taratibu, kikafika penye pengo, kikatulia. Akaigeuza simu, akaiweka sikioni sawasawa.

"Kawaambie waliokuuzia," alisema, "ilikuwa haijakwisha. Binti yangu ndiye kaimalizia."