Kucha ya Mghoi

Siku hizo nyumba hazikujengwa, ziliota. Kuta zake zilikuwa kuvu hai, ngumu kama mninga, na kila dawa ya fangasi ilitolewa kwa masharti makali. Kwa hiyo Mghoi alipoona kucha ya kidole gumba cha mguu imegeuka manjano na kuanza kumomonyoka, alikwenda upesi kwa daktari.

"Vidonge huponya upesi," daktari alimwambia, "lakini dawa itatoka na jasho lako, na ukuta utainywa uoze. Mwanga wa leza hauna madhara, ila ugonjwa hurudi. Tukiing'oa kucha, utaumia. Dawa ya kupaka huchukua karibu mwaka, na ukiwa ndani ya nyumba usivue soksi kabisa."

Mghoi aliogopa koleo. Akachagua ya kupaka.

Kucha ikaanza kuota safi. Alifurahi mno, hata jioni moja ya joto kali akajisahau, akasinzia kochini, miguu mitupu ameiegemeza ukutani.

Mumewe, Mwakio, ndiye aliyemwamsha. "Mama Wakesho, mbona ukuta umelowa?"

Mghoi akagusa. Kidole kikazama kama kwenye papai lililooza. Unyevu ukapanda taratibu mbele ya macho yao, ukafika darini.

Ghorofani, mama mkwe wake alikuwa akiburuta kiti kuelekea dirishani, upande ule ule.

"Mama!" Mghoi akapaza sauti. "Kaa hapo hapo, usisogee!"

"Unasemaje, mwanangu? Sikusikii," bibi akajibu, na kiti kikaendelea kuburutwa.