Msuko wa Nne

Kila asubuhi Kijino alikaa kwenye kigoda, katikati ya magoti ya dada, akihesabu misuko: mmoja, miwili, mpaka sita. Asubuhi hiyo, kwenye wa tatu, mkono wa dada ulisimama.

"Haya, njoo ujaribu," dada alimwambia mgeni aliyesimama mlangoni na daftari lake, akampa kitana. "Ila usimvute hapa kisogoni. Atakuitia mtaa mzima."

Kijino alikaza shingo. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini macho anayo. Dada, aliyeajiriwa na bibi kumlea tangu hajaanza kutembea, alikuwa anakwenda kuolewa. Begi lake lilikuwa tayari chini ya kitanda. Na huyu mgeni alikuja juzi na sanduku kubwa, akatandikiwa godoro chumbani kwa bibi. Huyu ndiye dada mpya.

Mgeni aliketi mahali pa dada, akazigawa nywele. Msuko wa nne ulitoka umepinda kama mkia wa panya.

"Wewe umelea watoto kweli?" Kijino aliuliza.

"Kijino! Adabu!" Dada alizuia kicheko.

"Nimelea," mgeni alijibu polepole. "Wawili. Nyumbani kwa watu, mbali sana."

"Hawakuwa na nywele?"

"Walikuwa nazo. Laini mno, hazishiki msuko."

Kazi aliijua, asisingiziwe. Maji ya kuoga aliyapima kwa kiwiko. Sketi ya shule aliipiga pasi mara mbili tu, ikanyooka. Lakini mkate aliukata kingo, wakati Kijino huanza na kingo. Maziwa aliyatia sukari. Kila alipokosea aliandika kwenye daftari huku ameuma mdomo, kama mwanafunzi anayeogopa kufeli. Na siku moja, akimfunga viatu, alimwita kwa jina la mtoto mwingine.

"Mimi siyo huyo," Kijino alisema.

Mgeni alikwenda jikoni. Bomba lilitiririka muda mrefu, na hakuna chombo kilichooshwa.

Jumapili, simu ya mama haikulia. Mama alikuwa sauti ya mikwaruzo tu, kila wiki baada ya chakula cha mchana: umekula? Unamsikiliza bibi? Kijino alikaa karibu na simu mpaka jua likahama dirishani, kisha akamuuliza bibi. Bibi akawa anatafuta miwani yake, na miwani iko usoni.

Jioni alimsikia bibi akinong'ona jikoni: "Utamwambia lini? Huyu binti anaondoka kesho."

"Anizoee kwanza, mama," mgeni alijibu. "Akinikataa je?"

Kijino alijifunika shuka. Kwa hiyo ni kesho.

Asubuhi alilishika gauni la dada kwa mikono yote miwili. Dada alimbandua kidole kimoja kimoja, machozi yakimdondokea kidevuni.

"Nani atanisuka?"

"Huyu hapa. Atakusuka vizuri kuliko mimi, mpe muda tu."

Bibi alibeba begi. Dada alimkumbatia mgeni, akamwambia kitu sikioni, kisha akatoka bila kugeuka. Geti lilifungwa.

Mgeni alileta kigoda. Kijino alikaa, mgongo wazi, magoti ya mtu mwingine pande zote mbili. Mmoja. Miwili. Mitatu. Wa nne ulinyooka.

"Na wewe utaolewa lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Kwa nini unauliza?"

"Ili nisikuzoee. Madada huwa wanaondoka."

Kitana kilianguka sakafuni. Hakikuokotwa.

"Mimi nilishaondoka," mgeni alisema nyuma yake. "Nimerudi, mwanangu. Mimi ni mama yako."