Kifungo cha Kijani

"Mwizi wa watoto yuko sokoni, sambaza," ulisema ujumbe kwenye kundi la mtaa.

Fundi cherehani hakungoja picha ifunguke. Aliusambaza kwenye makundi yake yote, akatia na chumvi yake: "Mkimwona, asitoke mzima."

"Una uhakika, dada?" akauliza mteja aliyekuwa akisubiri gauni.

"Lisemwalo lipo, mwenzangu."

Picha ikafunguka. Uso ulikuwa na ukungu, lakini kifungo cha tatu cha shati lile jeupe kilikuwa cha kijani.

Vifungo vyeupe vilimwishia asubuhi, akamshonea mdogo wake hicho hicho. "Nani atakiangalia?" alimwambia.

Akaanza kuandika: "Jamani, msimguse, huyo ni..."

Jibu likamtangulia.

"Tumempata, fundi. Ahsante."