Kwa Mokami

Heche alibana vidole viwili juu ya kioo cha simu, akavitanua. Ramani haikukua. Akarudia kwa nguvu, kama anayefumbua jicho la ng'ombe mgonjwa. Ikabaki vilevile, ndogo kama stempu, na mstari mwekundu umeikata katikati.

"Simu mbovu," alisema.

"Simu nzima, mzee." Dullah, fundi simu wa pale Mugumu, aliipokea na kuitazama. "Ukurasa ndio umefungwa. Aliyeutengeneza kazuia usikuzwe."

Heche akacheka kwa pua. Angeshangaa kama wasingeufunga. Watu wa barabara mpya walikuja Kisaka, wakarusha kile kidude chao cha kupiga picha juu ya maboma, wakaondoka bila hata salamu. Nani anabomolewa? Tazameni kwenye simu. Mwenye pingamizi, mwisho Ijumaa. Na leo ndiyo Ijumaa. Wamesoma mpaka wakaota vitambi, lakini kumwonyesha mtu kwake kumewashinda!

"Kuna mahali pa kuulazimisha," Dullah akasema. Akaingia kwenye setingi, akaweka tiki, akafungua ukurasa upya. Safari hii mabati ya Kisaka yakavimba chini ya vidole.

"Hongera, mzee! Boma lako limepona. Mstari umepita kule nyuma."

"Langu sijauliza. Nataka kwa Mokami."

"Bi mdogo?"

"Mke ni huyohuyo mmoja. Nilimjengea mwaka jana, nyuma ya zizi. Saruji tupu, na marumaru nyeupe juu."

"Marumaru! Na wewe je?"

"Mimi udongo unanitosha."

Dullah akacheka. "Mama anadekezwa! Basi wakibomoa si ahamie kwako?"

"Na tangazo la wale wapuuzi wa barabara linasema hivyohivyo, aliye kwenye mstari ahamishwe. Kama gunia la mihogo." Heche akatema mate nje ya kibanda. "Mokami alinishika mkono akaniomba, nisikubali kamwe atolewe pale nyumbani. Nikakubali."

Dullah akasogeza picha hadi nyuma ya zizi. Akakuza, akakuza tena. Mstari mwekundu ulikuwa papo hapo. Akatafuta paa. Akaileta simu karibu na macho, na kicheko kikamkauka.

"Mzee, hapa hakuna nyumba. Naona msalaba."

"Ndiye huyo," Heche akasema. "Wamempitia wapi, kichwani au miguuni?"