Mikono ya Raphaël

Darlène alichora milima na mabonde kwenye unga wa muhogo kwa ncha ya kidole. Shangazi yake Émérance, aliyetoka kuuchekecha, alimwacha auharibu.

Darlène alikuwa ametoka Kasongo alfajiri kwa pikipiki, matope hadi magotini, kuja Kabambare kumwambia mama huyu jambo moja tu: hana hatia. Kwa miaka mitatu jamaa walimwita Émérance mchawi. Miaka mitatu hakukanyaga ua wa mdogo wake Raphaël, baba yake Darlène, ambaye mikono ilimtetemeka hadi kijiko kikamshinda. Walimtumia wajumbe aje amtemee maji ya baraka, amwondolee uchawi. Alikataa, na kukataa kwake kukawa ushahidi. Hasira ya jambo hilo ndiyo iliyomfanya Darlène, mwanafunzi huko Kisangani, achague kusomea protini.

“Shangazi, protini mingi mu mwili zinateremuka mulima, zinatulia mu bonde moja, zinakamata umbo yao. Hii moja ya mu ubongo ya baba haina umbo. Iko sawa uzi mu maji, inatembea mu vibonde vidogo-vidogo. Siku moja inaanguka mu shimo kubwa, inashikamana na wenzake, ubongo inaanza kufa pole pole. Njo maana baba anatetemeka. Hakuna mutu alimuroga.”

Émérance aligusa bonde moja kwenye unga.

“Na kuitosha mule mu shimo, itoke inje, dawa iko?”

“Haiko. Iko tu ya kupunguza kutetemeka.”

“Baba yako anakula?”

“Anakula muzuri. Anasema siku utakuja kumubariki, atapona.”

Émérance akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika. Darlène aliona ni dhuluma tupu. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na huyu alikuwa mjane, hata mtoto wa kumtetea hakuwa naye. Akatoa kwenye mkoba karatasi zake za masomo kuhusu ugonjwa ule.

“Leo tunarudia wote Kasongo. Uniambie tu nani alikutungia ile maneno. Nitamusomea hizi mbele ya jamaa nzima.”

Émérance alimkalisha mkekani, akamshika mkono.

“Uzichome, mama. Weye ulikuwa kwa masomo. Siku munganga wa hospitali alimuambia ugonjwa yake haiponake, baba yako alikatala chakula siku tisa. Ya kumi nikaenda, nikamuambia haiko ugonjwa, ni miye nilimuroga.”