Uji Usiokuwa na Shahidi

Sheria haikumwonea mtu haya: hakuna sentensi ya wasifu wa marehemu iliyosomwa kaburini kabla mkaguzi hajaipatia ushahidi. Ndiyo maana siku moja kabla ya kumzika mumewe Elinami, Nakijwa alikuwa amekaa mkekani, kanga kichwani, akimtazama mkaguzi, kijana mwenye kalamu nyekundu.

Useremala wa mzee Elinami ulipita, maana cheti kilikuwepo. Ubatizo nao ukapita. Kisha kalamu ikasita.

"Mama, hapa mmeandika kwamba kila asubuhi alikuletea uji kitandani. Nani anathibitisha?"

"Si mimi niliyeunywa?"

"Pole sana, mama. Wewe ndiye uliyenufaika. Tunahitaji mtu wa nje."

"Mwanangu, mtu wa nje aingie chumbani kwetu alfajiri kutafuta nini?"

Kijana aliinamisha kichwa, akaikata sentensi ile kwa mstari mmoja ulionyooka.

Kaburini wasifu ulisomwa kwa pumzi mbili. Alizaliwa, akabatizwa, akaranda mbao, akafa. "Hati safi," msomaji akahitimisha, na waombolezaji wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Asubuhi ya tatu baada ya mazishi, mlango wa chumba ulisukumwa taratibu. Alikuwa binti yake, Elieshi, na kikombe cha uji unaofuka mvuke. Nakijwa akajiinua, machozi yakimlengalenga, akanyoosha mikono.

"Subiri kwanza, mama, usinywe," binti alisema, akigeuka nyuma. "Jirani anavaa miwani, aone vizuri kabla hajasaini."