Taa Nyekundu Sebuleni

Bi Mwanakheri alipoweka chetezo cha udi sebuleni kwa mwanawe, kidude cha kupimia hewa kilichokuwa juu ya kabati kikawaka taa nyekundu, kikaanza kulia.

"Kinasema hewa imechafuka, mama," alisema Salwa, mkaza mwanawe. "Uzime."

"Mumeo nimemlea kwa moshi huuhuu. Hicho kidude chako kimemlea nani?"

Salwa alikibeba chetezo, akakimwagia maji, akafungua dirisha. Taa ilipogeuka kijani, akalifunga.

"Umeona?"

Bi Mwanakheri akainuka kuchukua mkoba wake pale kabatini. Alipokaribia tu, taa ikawa nyekundu tena, kidude kikalia. Moshi haukuwepo. Ilikuwa kanga yake, aliyoifukiza asubuhi ili aje nayo hapa.

Salwa akacheka kwa sauti.

"Kumbe uchafu wenyewe ni mimi," alisema Bi Mwanakheri.

Mundhir, mume wa Salwa, aliyekuwa amekaa kochini muda wote, akanyanyuka, akapita katikati ya mama na mke, mkono ameunyoosha. Dirisha na kabati vilikuwa upande mmoja, na mama yake aliufuata ule mkono kwa macho, aone kama utafungua dirisha au utazima kidude.